Wimbo Ambao Nasri Hakuupiga Redioni

Brenda aliposema kwamba kipindi kijacho Nasri atachambua muziki wa magemu ya simu, chumba kizima kilicheka, na Nasri mwenyewe ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa. Alikuwa amezoea kuchambua albamu za wasanii wenye majina, wale ambao mashabiki wao humpigia simu kumtukana akisema kiitikio hakina nguvu. Kila Jumamosi mchana watu wa Arusha, kuanzia saluni za Sekei mpaka vibanda vya Kwa Mrombo, walifungulia redio wasikie leo nani amepona kwenye ulimi wake. Sasa anaambiwa akae kitako asikilize milio ya peremende zinazopasuka.

Brenda alikuwa msimamizi wa vipindi, mwanamke asiyependa kurudia maneno. Alimweleza kwamba duka moja la mtandaoni lilikuwa limekusanya muziki wa magemu mengi ya simu, likaufunga furushi moja na kulishusha bei hadi likawa rahisi kuliko sahani ya chipsi. Sababu ya punguzo hilo ilikuwa ya kusikitisha kidogo. Magemu yenyewe yalikuwa yameshafungwa. Waliokuwa wakiyaendesha walizima mitambo yao, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuyacheza tena. Kilichobaki ni muziki tu, kama muziki wa harusi ambayo maharusi na wageni wameshaondoka.

"Sema ukweli wako kama kawaida," Brenda alimwambia. "Muziki ukiwa mbaya, waambie ni mbaya hata kwa bei hiyo."

Nasri alijifungia kwenye chumba kidogo cha kurekodia, akavaa hedifoni, akaweka miguu juu ya kiti cha pili. Nje kulikuwa na jua kali la kiangazi na vumbi la barabarani. Alisikiliza magari ya mashindano, akasonya. Alisikiliza samaki wanaokula samaki wenzao, akapiga miayo. Baadaye kidogo zilikuja filimbi za gemu moja la bustani, na miguu yake ikashuka yenyewe kutoka kwenye kiti. Alianza kuona aibu ndogo ya mtu aliyemcheka mgeni kabla mgeni hajafungua mdomo. Kulikuwa na watu huko duniani, Osaka, Helsinki na miji mingine asiyoweza hata kuitamka, waliotoa moyo wao wote kwa ajili ya vitu vya kuchezewa kwenye foleni ya benki.

Wimbo wa mwisho ulitoka kwenye gemu la kupanda mlima. Ulianza na hatua za mtu juu ya changarawe. Kadiri mpandaji alivyopanda ndivyo sauti zilivyoongezeka, moja juu ya nyingine, bila haraka. Kisha mvua ikaanza. Nasri alivua hedifoni akageukia dirishani, maana alidhani mvua imeanza kunyesha nje. Jua lilikuwa palepale. Alipozivaa tena, katikati ya ile mvua ikasikika tarumbeta moja, peke yake, ikipiga wimbo wa taratibu kama wa kanisani. Ilifika mahali ikakwama, kama mtu aliyebanwa na kilio kooni. Ala nyingine zote zilinyamaza, zikaisubiri. Na ile tarumbeta ikajikusanya, ikaanza upya, ikapanda.

Milio ya namna ile aliijua tangu utotoni. Ni tarumbeta za Walutheri wa mlimani, zile zinazopita mjini juu ya gari la harusi zikaacha barabara nzima imesimama. Lakini hakuwahi kusikia moja ikiwa imeachwa peke yake hivyo. Alitazama jina la mtunzi kwenye kioo cha kompyuta. *L. Aminieli, Arusha.*

Brenda alipoingia kumuuliza kama amemaliza, Nasri alimvisha hedifoni tu. Brenda alisikiliza akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti bila kuangalia nyuma.

"Nani huyu?" aliuliza ulipokwisha.

"Simjui," Nasri alisema. "Ila anaishi kwenye mji huu huu tunaoishi sisi, na hakuna anayemjua."

Alimwandikia mtunzi huyo akiomba mahojiano, akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba L. Aminieli hafanyi mahojiano. Akaandika tena. Safari hii hakuzungumzia redio. Aliuliza tu kwa nini ile tarumbeta ilikwama, na kwa nini mtunzi hakukiondoa kile kipande wakati angeweza. Jibu lilichelewa sana mpaka akakata tamaa. Lilipokuja lilikuwa na maelekezo: Olmotonyi, ukishapita chuo cha misitu, uliza nyumba ya Aminieli.

Alikwenda kwa pikipiki yake, na kadiri alivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kupoa na kunuka majani mabichi. Alimkuta mzee mrefu mwenye kofia ya sufu akipogolea kahawa chini ya migomba, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa. Mzee akamuuliza anamtafuta nani.

"Namtafuta Aminieli anayetengeneza muziki wa magemu ya simu."

Mzee alimtazama kwa makini, kama mtu anayejiuliza kama kijana huyu ni mzima. Akasema Aminieli ni yeye, na muziki anaoujua ni wa matarumbeta ya usharika, ambayo ameyaongoza tangu hajaoa. Mambo ya magemu hayamo kwenye nyumba ile. Hapo ndipo mlango wa kijumba cha pembeni ulipofunguliwa akatoka msichana aliyevaa mabuti ya mvua, hedifoni zikiwa zimening'inia shingoni.

"Ni mgeni wangu, baba," alisema. "Ni yale mambo ya kompyuta."

Njia nzima Nasri alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia kaka mmoja aliyemchora kichwani, mwenye miwani na ndevu chache. Maneno yote yakampotea. Msichana yule hakuwa na urembo wa kupaka. Alikuwa na macho yaliyotulia juu ya mtu kama vile yanamsikiliza, na alipotabasamu kumkaribisha, mwanya ukaonekana. Alisema anaitwa Lydia. Nasri alisema jina lake mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza mwenyewe hakuliamini.

Kile kijumba zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Lydia alikuwa amezifunika kuta zake kwa magunia na vipande vya godoro ili sauti zisigongane, na mezani kulikuwa na kompyuta na kinanda kidogo. Alimsikilizisha vitu alivyoviokota mlimani. Mlio wa jiwe linalobingirika mtoni, aliouvuta mpaka ukawa kengele. Upepo wa kwenye miti ya misindano ya msitu wa chuo. Mfuniko wa sufuria ya marehemu mama yake, uliogeuka ngoma ya mbali. Nasri aliyezoea kuuliza maswali ya kuwabana watu alijikuta anakaa kimya kama mtu aliyeingizwa mahali patakatifu, akiogopa hata kusogeza kiti.

"Ukicheza gemu kwenye simu, sauti unaiacha?" Lydia alimuuliza ghafla.

Nasri alifikiria kudanganya, akashindwa. "Naizima."

"Kila mtu anaizima. Kwenye foleni, kazini, kitandani mwenzako akiwa amelala. Mimi natengeneza muziki wa watu waliozima sauti."

"Na bado unautengeneza hivi?"

"Huwa najiambia kuna siku mtu mmoja atasahau kuizima." Aliinamisha uso, akajishughulisha na nyaya ambazo hazikuwa na tatizo. "Halafu gemu likafungwa. Nikasema basi, hajatokea."

Nasri alitaka kusema jambo la busara. Alichoweza kusema ni kwamba yeye ameusikiliza mpaka mwisho, na amerudia mara nyingi hata ameacha kuhesabu. Lydia akainua macho. Walitazamana muda ambao haukuwa mrefu, lakini kila mmoja akajua kwamba mwenzake ameona. Swali la tarumbeta iliyokwama Lydia hakulijibu siku ile. Alimletea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, akamsindikiza mpaka barabarani.

Kipindi kilikuwa kimepangwa mwishoni mwa mwezi, na kabla hakijafika Nasri alishakuwa amepanda Olmotonyi mara kadhaa, kila mara na kisingizio kipya. Wakiwa mbali walizungumza kwa simu. Mama yake, Mwanahalima, aliyekuwa akiuza vitenge na mabaibui soko la Kwa Mrombo, alimwona mwanawe akichekea simu wakati wa chakula akamuuliza ni nani. Nasri akasema ni kazi. Mama alisema kazi hiyo ina bahati, kisha akaendelea kula.

Siku chache kabla ya kipindi, Lydia alishuka mjini, wakakutana kwenye bustani ya mgahawa mmoja Sekei. Ilikuwa alasiri, Mlima Meru umesimama juu ya mapaa bila hata wingu moja. Nasri hakuweza kuvumilia mpaka soda ziletwe. Alimwambia anampenda, alimwambia kwa maneno machache yasiyopambwa.

"Na mimi nakupenda," Lydia alisema. "Usidhani sijajiuliza. Lakini baba ni mzee wa kanisa, na mama yako anauza mabaibui. Tutaanzia wapi, Nasri?"

Nasri alisema wataanzia kwenye wimbo. Aliona kama amefunguliwa mlango. Jumamosi ataupiga wote redioni, atamtaja jina, na mji mzima utasimama kama alivyosimama yeye. Baba yake mwenyewe atasikia binti yake ni nani. Aliongea huku uso wake ukiwaka, na hakuona jinsi uso wa Lydia ulivyokuwa unabadilika.

"Usiupige," Lydia alisema.

Ndipo akamweleza. Mama yake, Ruth, alipofariki, kikundi cha matarumbeta kilimzika kama kinavyowazika wote, lakini kiongozi wao, mumewe, alishika tarumbeta kaburini akashindwa kutoa hata mlio mmoja. Jioni ile mvua ilipoanza, alitoka kibarazani akidhani watu wote wako jikoni upande wa nyuma, akampigia mkewe peke yake ule wimbo ulioshindikana. Lydia alikuwa dirishani. Simu ilikuwa mkononi. Hakujua hata alipobonyeza kitufe cha kurekodi, wala baadaye hakuwa na nguvu ya kuifuta ile sauti. Miaka ilipita, akatakiwa kutengeneza muziki wa mtu anayepanda mlima bila kuona kilele, na hakupata sauti nyingine ya kweli kuliko ile.

"Pale anapokwama, ni baba analia," alisema. "Hajui kama kuna mtu alimsikia. Hata wimbo wenyewe hajui kama upo."

Nasri alipaswa kunyamaza. Badala yake alibishana. Alisema wimbo ule umeshauzwa dunia nzima, mtu yeyote anaweza kuununua leo hii, sasa redio moja ya Arusha itaongeza nini.

"Dunia haimjui baba," Lydia alisema. "Olmotonyi inamjua."

Aliinuka, akachukua mkoba wake. Hakuondoka kwa hasira. Aliondoka akiwa ameumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nasri alibaki mbele ya soda ambazo hazijaguswa, akiwa na hakika kwamba amempoteza kwa sababu ya kitu kilekile kilichompeleka kwake.

Jumamosi ilipofika alikaa mbele ya kipaza sauti. Aliwaambia wasikilizaji kwamba alilipokea furushi lile kwa kicheko na sasa hacheki. Alipiga filimbi za bustani. Alipiga wimbo wa mashua za karatasi uliotungwa na bibi mmoja wa Helsinki, akaeleza ulivyojengwa, na simu za studio zikaanza kuwaka taa. Nyimbo mbili alizikosoa bila huruma, kama kawaida yake. Alisema kwa bei ile, mtu anayependa muziki akiuacha mkusanyiko huo amejinyima mwenyewe. Kisha akafika mwisho. Nyuma ya kioo Brenda alimnyooshea kidole kumkumbusha kwamba umebaki ule mmoja.

"Wasikilizaji wangu," Nasri alisema, "kuna wimbo mmoja uliobaki, na ndio mzuri kuliko yote. Sitaupiga. Aliyeutengeneza ameniomba nisiupige, na ana haki. Wala sitaupa alama, kwa sababu ninampenda aliyeutengeneza, na mtu anayependa hana mizani ya haki. Nitawaambia kitu kimoja tu. Ulitengenezwa hapa kwetu, juu ya mlima huu tunaouona kila asubuhi tukifungua dirisha."

Redio ilinyamaza, kwa sababu fundi mitambo alisahau kuweka tangazo. Brenda hakumfokea. Alimtazama tu kupitia kioo, mkono mdomoni.

Simu zote za mji zilimtafuta Nasri isipokuwa moja aliyoitaka. Simu ya Lydia ilikuwa imezimwa. Nyumbani alimkuta mama yake amekaa juu ya kitanda, vitenge vimemzunguka, havijakunjwa.

"Redio ya soko zima ilikuwa wazi," Mwanahalima alisema. "Umeposa mtoto wa watu mbele ya wauza nyanya, na mimi mama yako nimesikia pamoja nao."

Nasri alisema hakumtaja jina.

"Huko juu pikipiki yako wameshaiona. Wanataka jina la nini?" Akamwambia akae. Aliuliza binti ni wa nani, anafanya nini, mama yake yuko wapi. Nasri alijibu yote. Swali la mwisho Mwanahalima aliliuliza huku anakunja kitenge, bila kuinua uso. "Ni Mkristo?"

"Ndiyo, mama."

Alikunja kitenge hicho, akakikunjua, akakikunja tena. Baba yake Nasri, Sefu, alikuwa dereva wa malori ya masafa, na wakati ule alikuwa mpakani huko hata simu haishiki. Uamuzi ulikuwa wa Mwanahalima peke yake. Alisema kesho baada ya watu kutoka kanisani watakwenda Olmotonyi. Haendi kuposa, Nasri asijidanganye. Anakwenda kuomba radhi, kwa sababu binti wa watu hazungumzwi hewani kabla wazazi hawajaonana.

Mzee Aminieli aliwapokea akiwa bado na suti yake ya ibada. Aliwaketisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na Lydia akaleta chai. Nasri alimwona kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Sekei. Alipompa kikombe macho yao yalikutana, na yale macho yalimwambia kwamba alisikiliza redio, kwamba alisikia kila neno.

Mwanahalima alizungumza vizuri. Alisema amekuja kama mama, kijana wake amezungumza mbele ya watu jambo linalozungumzwa ndani ya nyumba, na anaomba lipokelewe kama kosa la ujana na si la dharau. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Nasri, hilo nimelipokea," alisema. "Lakini mimi nina langu. Jana nilikuwa nasikiliza. Kijana alisema kuna wimbo wa huku mlimani ambao mwenyewe hataki upigwe. Nikamuuliza huyu binti yangu kama ni wake, akasema ni wake. Nikamuuliza kwa nini usipigwe, akalia. Sasa nataka kuusikia."

Lydia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nasri aliona anataka kukataa, kisha akaona anaacha kukataa. Alileta spika ndogo, akaiweka mezani kati ya vikombe, akarudi palepale mlangoni.

Hatua za changarawe zilianza. Nasri aliujua wimbo ule nukta kwa nukta, kwa hiyo hakuusikiliza, alimtazama mzee. Zile sauti zilipopandana, mzee alikuwa anatazama sakafu kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni. Mvua ilipoanza aliinua kichwa. Tarumbeta ilipoingia, hakushtuka. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilianza kubonyeza goti, taratibu, kila kimoja kwa zamu yake, sawasawa na mlio. Na kabla tarumbeta haijakwama, vidole vikasimama. Vilikumbuka kabla ya sikio.

Sebule nzima ilisubiri pamoja na zile ala. Ilikuwa kana kwamba nyumba ile imekaa miaka yote ikingoja pumzi moja. Kisha mlio ukarudi, vidole vikarudi, na chini yake zikaanza kuja tarumbeta nyingine, ambazo Lydia alizirekodi siku za mazoezi ya kanisani, moja, tatu, kikundi kizima, zikimzunguka yule mmoja aliyekuwa peke yake, zikimbeba mpaka juu kabisa ambako hapakuwa na mvua tena.

Ulipokwisha hakuna aliyegusa kikombe. Mwanahalima alikuwa ameshika ncha ya mtandio machoni, akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, kama hakukusudia isikike.

"Nilidhani nilikuwa peke yangu," mzee alisema.

"Nilikuwa dirishani, baba."

"Mbona hukutoka?"

"Ningetoka ungeacha kupiga."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. "Pale ilipokwama. Ungeweza kupaondoa."

"Ningepaondoa ingekuwa tarumbeta ya mtu mwingine."

Mzee alivua miwani yake akaifuta kwa tai, kisha akaendelea kuishika mkononi. Aliwaambia, bila kumtazama mtu, kwamba alikuwa akiwaambia ndugu zake binti yake anafanya kazi za kompyuta, na kwamba hajui kwa nini hakuwahi kuuliza ni kazi gani. Lydia alivuka sebule akapiga magoti kando ya kiti, na baba yake akamwekea mkono kichwani kama anavyobarikiwa mtoto siku ya kipaimara. Nasri aligeuza uso dirishani. Aliona hastahili kutazama, na wakati huohuo aliona kwamba kama angekufa siku ile angekuwa ameshaona jambo kubwa.

"Na wewe ndiye uliyeusikia kwanza," mzee alimwambia.

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa na mji mzima unakusikiliza. Ukanyamaza."

"Aliniomba."

Mzee alimtazama kwa muda, tofauti na alivyomtazama siku ya kwanza chini ya migomba. Kisha alimgeukia Mwanahalima, akavaa miwani yake.

"Mama Nasri, nisikufiche. Sisi hapa hatuozeshi msikitini."

"Na mimi nisikufiche, baba Lydia," Mwanahalima alijibu kwa heshima ileile. "Sisi hatufungi ndoa kanisani."

Maneno hayo yalitua mezani kati ya vikombe. Lydia, aliyekuwa bado chini kando ya kiti cha baba yake, hakuinua uso.

"Basi hapa kuna maneno mengi," mzee alisema.

"Mengi sana."

"Una haraka ya kurudi mjini?"

Mwanahalima alitazama mlango. Alitazama spika ndogo iliyonyamaza, kisha uso wa mwanawe, na kwa kitambo akawa kama anapima kitu kizito. Alikuwa amekaa muda wote mkoba ukiwa mapajani, kama mtu aliyepita tu. Aliutoa, akauweka chini sakafuni.

"Sina haraka," alisema.

"Lydia," mzee alisema, "bandika chai nyingine. Birika lile kubwa."

Lydia alisimama, akakusanya vikombe. Alipopita mbele ya Nasri alitembea polepole kuliko mtu yeyote aliyewahi kutumwa chai.